Göbekli Tepe na makazi ya mawe ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila video ya Göbekli Tepe inaposambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, maswali yanayofuata ni yale yale: majitu, viumbe wa sayari nyingine, Edeni, nani alifukia, mbona hawachimbi. Yamekusanywa hapa pamoja na yale mazuri zaidi ambayo huulizwa kwa nadra. Mafumbo yapo, tena mazito. Ila mengi si yale yanayotangazwa kwa muziki wa kutisha.

Göbekli Tepe ni nini hasa, na iko wapi?

Ni kilima kilichotokana na mikono ya watu, kusini-mashariki mwa Uturuki, kilomita kama 15 kutoka mji wa Şanlıurfa, ambao wenyeji huuita Urfa tu. Kimo chake ni mita 15 hivi na upana mita 300, nacho kimekaa juu ya mgongo wa milima ya mawe ya chokaa. Ndani yake kuna majengo ya mviringo. Kwenye kuta zimepachikwa nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, na katikati ya kila jengo husimama nguzo mbili kubwa kupita zote. Ndefu kabisa zinafika mita 5.5.

Majengo ya mwanzo ni ya karibu mwaka 9500 KK, na watu walipahama karibu 8000 KK. Piramidi ya Khufu kule Giza ilikuja miaka kama 7,000 baadaye. Waliojenga Göbekli Tepe hawakuwa na chuma, hawakuwa na vyungu vya udongo, hawakuwa na gurudumu wala maandishi.

Nani alipagundua?

Wanakijiji walipajua siku zote, maana ndio waliokuwa wakilima pale na kukwaruza majembe kwenye mawe. Mwaka 1963 watafiti wa vyuo vikuu vya Istanbul na Chicago, katika mradi ulioongozwa na Halet Çambel na Robert Braidwood, walipita hapo wakaona gumegume, yaani mawe magumu ya kutengenezea zana, zimetapakaa kila mahali. Mawe yaliyochongwa yaliyochungulia juu ya ardhi wakayadhania kuwa ya makaburi ya zama za karibu zaidi. Wakaandika walichoona, wakaenda zao.

Mwaka 1994 akafika Mjerumani Klaus Schmidt. Tofauti yake na waliomtangulia haikuwa akili nyingi. Alikuwa amewahi kufanya kazi Nevalı Çori, kijiji cha kale kilichochimbwa chini ya Harald Hauptmann, ambako nguzo za T zilionekana mara ya kwanza zikiwa zimesimama ndani ya jengo. Kwa hiyo alipoona ncha ya jiwe imejitokeza Göbekli Tepe, alijua chini yake kuna nini. Uchimbaji ukaanza 1995 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Şanlıurfa na Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani, naye akauongoza hadi kifo chake mwaka 2014.

Nevalı Çori yenyewe huwezi kuiona tena. Mwaka 1992 ilifunikwa na maji ya Bwawa la Atatürk kwenye mto Frati.

Jiwe halina cheti cha kuzaliwa. Umri umejulikanaje?

Swali zuri, na wengi hawaulizi. Jiwe lenyewe kweli halipimiki kwa kaboni. Kinachopimwa ni kitu kilichowahi kuwa hai: mkaa, mfupa, mbegu. Tatizo ni kwamba mkaa uliokutwa kwenye kifusi unaweza kuwa umeporomoka kutoka mahali pengine, ukakudanganya. Ndiyo maana sampuli moja ina thamani kubwa: ilichukuliwa kwenye udongo uliotumika kuunga mawe ya ukuta wa Jengo D (majengo makuu yamepewa herufi badala ya majina), na mabaki ya uhai yaliyomo yakatoa umri wa kati ya 9700 na 9300 KK hivi. Udongo huo haukuingia ukutani kwa bahati mbaya.

Ni kweli waliojenga hawakuwa wakulima?

Kwa ushahidi uliopo, ndiyo. Mifupa iliyotoka kwenye kifusi ni mingi mno, na yote ni ya wanyama wa porini: swala, ng'ombe mwitu, punda mwitu, nguruwe mwitu. Mbegu nazo ni za nafaka ya porini.

Lakini tusiwapige picha kama watu wa kuokotaokota tu. Mawe ya kusagia na kutwangia yaliyohesabiwa hapo yanazidi 7,000. Wachunguzi wameangalia michubuko yake kwa hadubini na kukuta mengi yalifanya kazi ya kusaga nafaka. Hao si watu walioonja ngano kwa bahati, ni watu walioijua msimu wake, mahali inapoota na namna ya kuiandaa. Upande wa kaskazini-mashariki kuna mlima Karacadağ, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba aina moja ya ngano ya kale inayolimwa, einkorn, ina undugu wa karibu kabisa na ile inayoota yenyewe kwenye miteremko ya mlima huo. Kwa maneno mengine, jirani tu na pale ambapo ngano ilianza kufugwa, kama unaruhusu neno hilo kwa mmea.

Schmidt aliamini kwamba kulisha umati wa wajenzi ndiko kulikowasukuma watu kulima. Ni wazo linalovutia, ila bado ni wazo. Kuna pia mabeseni makubwa ya mawe, mengine yanaweza kubeba lita 160 hivi, na baadhi ya watafiti walipendekeza kuwa yalitumika kutengenezea pombe ya nafaka. Vipimo havijatosha kulithibitisha. Mimi lisingenishangaza: aliyewahi kwenda kwenye msaragambo anajua kazi ya watu wengi haisogei bila mtungi wa togwa au wa kitu kikali zaidi.

Je, hili ndilo hekalu la kwanza duniani?

Hapa ndipo habari za mtandaoni zimebaki nyuma zaidi ya utafiti.

Kwa miaka karibu 20 simulizi kuu ilikuwa ya Schmidt: kwanza lilikuja hekalu, mji ukafuata. Kwake Göbekli Tepe palikuwa mahali pa ibada tu, wawindaji walikusanyika kutoka mbali, wakajenga, wakala karamu, wakarudi makwao. Hakuna aliyeishi pale, alisema, kwa sababu hakuna chemchemi karibu na hazikuonekana nyumba. Mwaka 2011 E. B. Banning wa Kanada aliandika kupinga, akisema tofauti hii ya hekalu na nyumba ni ya kwetu sisi, na kwamba watu wa zamani waliweza kuishi ndani ya majengo yaliyopambwa hivyo.

Kisha likaja paa. Ilibidi majengo makuu yajengewe paa la kuyakinga na mvua na jua, na paa linahitaji miguu. Wachimbaji wakalazimika kushuka hadi kwenye mwamba pale ambapo miguu ingesimama. Huko chini wakakuta kuta za nyumba za kawaida, majiko, zana za kazi za kila siku, na nyingine ni za kipindi cha mwanzo kabisa. Pia mifereji na matangi yaliyochongwa mwambani kwa ajili ya kuvuna maji ya mvua yakaanza kueleweka upya. Shimo la kulinda majengo likaizika nadharia ya Schmidt. Lee Clare, aliyesimamia utafiti wa Wajerumani baada ya Schmidt, amesema waziwazi kwamba palikuwa na makazi.

Basi hekalu lilikufa? Hapana. Majengo makubwa bado si ya kulala na kupika. Ni mahali pa mikutano, ibada, jando, maamuzi, au yote kwa pamoja. Ila lilikuwa katikati ya kijiji, na watu walitoka majumbani mwao kuliendea. Kwa maoni yangu hilo linavutia kuliko hekalu la peke yake nyikani, kwa sababu linatuuliza swali gumu: watu wasio na mfalme, ghala la serikali wala jeshi walikubalianaje nani anachonga, nani anavuta na nani anawinda siku hiyo?

Waliwezaje kuchonga na kusimamisha mawe ya tani kadhaa?

Kwa gumegume, kamba, magogo na watu. Chokaa ya pale imelala kwa matabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna ufa wa asili. Unachora umbo la T juu ya mwamba, unachimba mfereji kuzunguka, ukifika kwenye ufa unalibandua jiwe kwa miti. Machimbo yako mita mia chache tu kutoka kwenye majengo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni jiwe waliloshindwa. Kwenye uwanda wa machimbo limelala T lenye urefu wa karibu mita 7, limechongwa pande zote lakini halijang'olewa. Likitoka lingekuwa na uzito wa makumi ya tani. Liko palepale, na alama za zana zinaonekana. Kama kungekuwa na mashine ya ajabu, nadhani wangelimaliza.

Michoro ya wanyama inasema nini?

Kwanza tuangalie nguzo moja kwa karibu. Katikati ya Jengo D imesimama Nguzo ya 18. Ukiitazama kwa mbele huoni mtu, unaona ubao wa jiwe. Zunguka ubavuni: kuna mkono mrefu mwembamba uliochongwa kwa upole, unashuka, unakunja kwenye kiwiko, na vidole virefu vinakuja kukutana na vya mkono wa pili mbele ya tumbo. Chini ya vidole kuna mkanda wenye bakli, na kutoka kwenye bakli inaning'inia ngozi ya mbweha, mkia na miguu ya nyuma ikionekana. Kwenye kiwiko kuna mbweha mwingine mzima, kama amepakatwa. Kitako cha jiwe kimechomekwa kwenye msingi uliochongwa mwambani, na mbele ya msingi huo wamepangwa ndege saba wadogo.

Kwa hiyo herufi T ni mtu: sehemu ya juu ni kichwa kinachotazama upande, shina ni mwili. Ni mababu? Miungu? Hawana macho wala mdomo, na hilo halikuwa kwa kukosa ufundi, kwa sababu watu hawahawa walichonga sura walipotaka.

Nguzo ya 43, maarufu kwa tai mzoga wake, ina ndege huyo amenyoosha bawa na juu ya bawa kuna duara. Chini yake yuko nge, na chini kabisa mtu asiye na kichwa. Kuna waliosema hiyo ni ramani ya nyota, na kwamba inarekodi kimondo kilichopiga dunia karibu 10,950 KK. Hoja hiyo ilichapishwa 2017 na Martin Sweatman na mwenzake, nayo ndiyo mama wa video nyingi. Wachimbaji wa Göbekli Tepe waliijibu: majengo haya huenda yaliezekwa, nguzo nyingi zilihamishwa na kutumika tena, na hakuna sababu ya kuamini kwamba watu hao walichora nyota kwa makundi yaleyale ya Wababiloni na Wagiriki. Naona majibu hayo yana uzito. Tai na mtu asiye na kichwa vinaeleweka zaidi ukiviweka karibu na kifo na mazishi, na hapo kuna ushahidi wa mifupa.

Ushahidi gani wa mifupa? Walitoa kafara za watu?

Kafara haijathibitishwa. Kilichopatikana ni vipande vya mafuvu matatu, vilivyochapishwa 2017, vyenye mistari mirefu iliyokatwa kwa gumegume kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Fuvu moja lina pia tundu lililotobolewa. Mikato ilifanywa baada ya kifo. Huenda mistari ilizuia kamba isiteleze wakati fuvu likining'inizwa. Kutunza vichwa vya marehemu kulikuwa jambo la kawaida katika eneo lote hilo zama hizo: Yeriko walivipaka plasta na kuviwekea macho ya makombe.

Ni kweli walipafukia makusudi kabla ya kuondoka?

Schmidt aliamini hivyo, na mtandao umeipenda sana picha ya watu wanaozika hekalu lao. Utafiti wa karibuni unaegemea upande mwingine: kifusi kiliporomoka kutoka kwenye miteremko ya juu, pengine mara kadhaa, kikaingia ndani ya majengo kikiwa na mifupa, zana na takataka za nyumba zilizokuwa juu. Dalili za ukarabati zipo, kuta ziliongezwa na nguzo zikashikizwa upya. Ukikarabati jengo, hukuwa na mpango wa kulizika.

Kwa nini sehemu kubwa haijachimbwa? Wanaficha nini?

Ni kweli chini ya asilimia 10 ndiyo imechimbwa, ingawa vipimo vya chini ya ardhi vinaonyesha majengo mengi zaidi. Sababu haina siri. Kuchimba ni kuharibu: tabaka ukishaliondoa haliwezi kurudi. Mtu aliyechimba kwa pupa miaka ya 1950 alitupa udongo ambao leo ungetoa chavua na vinasaba. Isitoshe, kila jengo linalofunuliwa linahitaji paa, walinzi na mafundi, miaka yote.

Je, ni kazi ya majitu au viumbe wa angani?

Hapana. Zana zao zimepatikana, chakula chao kimepatikana, machimbo yao yapo, na kosa lao la mita 7 lipo.

Je, hii ndiyo Bustani ya Edeni?

Dai hili linatoka kwenye mito. Kitabu cha Mwanzo kinataja Hidekeli na Frati, na Göbekli Tepe iko katika nchi iliyo kati ya mito hiyo. Kati ya mito hiyo kuna nchi kubwa sana. Akiolojia haina namna ya kulijibu swali la imani, wala haijaokota kitu chochote chenye jina la Edeni.

Ila Urfa wenyewe ni mji wa visa vya manabii. Katikati yake kuna bwawa la Balıklıgöl lenye samaki ambao hakuna anayethubutu kuwala, kwa sababu wenyeji wanasimulia kwamba hapo ndipo Namrudi alipomtupa Nabii Ibrahim motoni, moto ukageuka maji na kuni zikawa samaki. Na katika mtaa wa jirani, mwaka 1993, mafundi wa ujenzi walikuta sanamu ya mtu ya urefu wa mita 1.80, mikono ameikusanya mbele, macho ni vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Ni ya zama za Göbekli Tepe. Ndiyo sanamu ya kale kabisa ya binadamu yenye ukubwa wa mtu mzima iliyopatikana mpaka sasa.

Kuna sehemu nyingine kama hiyo?

Zipo nyingi, na habari mpya sasa zinatoka huko. Mradi wa Taş Tepeler, ulioanza rasmi 2021 ukiratibiwa na Necmi Karul wa Chuo Kikuu cha Istanbul, unashughulikia zaidi ya vilima 10 kuzunguka Urfa.

Karahantepe ndiyo inayoongoza. Juu ya ardhi pekee zimehesabiwa nguzo za T zaidi ya 250. Kuna chumba kilichochimbwa mwambani chenye nguzo 11 zilizosimama kama msitu wa uume, na ukutani kinachomoza kichwa cha mtu chenye shingo ndefu, kinazitazama. Mwaka 2023 ikapatikana sanamu ya mwanamume aliyeketi, ya mita 2.3, mbavu zimemtoka, amejishika sehemu za siri kwa mikono miwili. Mwaka 2025 ikatangazwa nguzo ya T yenye uso wa mtu, ya kwanza ya aina hiyo. Niliposema hapo juu nguzo hazina sura, basi hiyo ndiyo iliyovunja utaratibu.

Sayburç iko chini ya nyumba za kijiji cha leo. Huko kuna benchi la mawe lenye mchongo wa mtu kati ya chui wawili waliofunua meno, na pembeni mtu mwingine anakabiliana na fahali. Wengine wanaiita hadithi ya kwanza iliyochorwa. Na Göbekli Tepe yenyewe ilitoa nguruwe mwitu wa mawe mwaka 2023 mwenye mabaki ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo futa kichwani picha ya mawe meupe matupu. Palikuwa na rangi.

Yeriko si ya kale zaidi?

Ni ya zama hizohizo, na ina mkasa wake. Kathleen Kenyon alichimba huko miaka ya 1950 akakuta mnara wa mawe wa mita 8.5 wenye ngazi 22 ndani yake, wa karibu 8000 KK. Hakuna ajuaye ulikuwa wa nini. Kenyon alidhani ni ulinzi, wengine wakasema ukuta ulizuia mafuriko. Hauhusiani na kuta za Yoshua, zama zinapishana kwa maelfu ya miaka. Çatalhöyük, ile ya nyumba zilizobanana ambazo watu waliingilia darini, ni changa kwa zote hizi: ilianza karibu 7100 KK.

Afrika Mashariki kuna kitu kama hiki?

Uhusiano wa moja kwa moja hakuna, lakini swali lilelile la kazi ya pamoja lipo Turkana. Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa, wafugaji wa kwanza walijenga jukwaa la mviringo la upana wa mita 30 hivi karibu miaka 5,000 iliyopita, wakasimamisha nguzo za mawe ya volkano, na katikati wakazika watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi. Wazee, watoto, wanawake, wanaume, karibu wote wakiwa na shanga au mapambo, bila kaburi la bwana mkubwa. Utafiti huo, ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand, ulitoka 2018. Wakati huo mvua ilikuwa inapungua na ziwa linarudi nyuma, na watu walikuwa wanajifunza maisha mapya ya mifugo. Ingefaa ijulikane kwetu angalau nusu ya Göbekli Tepe inavyojulikana.

Magofu ya mawe ya Engaruka, Tanzania, na Thimlich Ohinga, Kenya, ni ya juzi kwa kulinganisha, ya karne chache zilizopita. Ingawa Thimlich Ohinga na Göbekli Tepe ziliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka mmoja, 2018.

Naweza kwenda kuona?

Ndiyo. Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar unapanda ndege hadi Istanbul, halafu ndege ya ndani hadi Şanlıurfa. Epuka Julai na Agosti, joto linapita nyuzi 40. Kilimani utatembea kwenye daraja la mbao chini ya paa na kutazama majengo kutoka juu, huruhusiwi kushuka. Kwa hiyo anza na makumbusho ya mjini: kuna mfano wa Jengo D wa ukubwa uleule unaoweza kuingia ndani, jengo la Nevalı Çori lililookolewa kabla ya maji, na yule mtu wa Balıklıgöl na macho yake ya obsidiani. Tenga nusu siku kwa makumbusho, kilimani saa mbili zinatosha.